Herufi Sita Kwenye Ungo

Sogeeni hapa penye moto, na aliye na mtoto mgongoni akaze mbeleko, maana hadithi hii ina mtoto ndani yake na sitaki alie kabla zamu yake haijafika. Nina wanawake watatu na zawadi moja. Zawadi yenyewe haikatiki kwa kisu wala haipimwi kwa kibaba. Shikeni vizuri nani alifanya nini, kwa sababu mwishoni sitawasaidia.

Wa kwanza aliitwa Sekinyaga, mjane wa Ilambo, huko juu kwenye baridi ambako watu huota moto hadi saa nne asubuhi. Alikuwa msuka vikapu vya milulu, yale majani membamba ya mabondeni, na kipaji chake kilikuwa macho. Kusoma hakujua, hata jina lake aliliandika kwa dole gumba. Lakini ua alilolisuka miaka ishirini iliyopita, ukimletea leo kikapu cha mtu aliyeliiga, atakwambia, "Hapa mwenzangu karuka unyuzi mmoja," nawe ukihesabu utaukosa huo mmoja. Alichokiona mara moja hakikumtoka.

Wa pili aliitwa Vaileth, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Darasa la saba alimaliza, basi. Ila mwanamke huyu aliwahi kumtoa mlevi kilabuni bila kumgusa, kwa maneno matatu tu, na kesho yake yule mlevi akarudi kuomba radhi akiwa amenyoa ndevu. Hakuogopa mwenyekiti, hakuogopa padri. Mama mkwe wake alimwogopa yeye.

Wa tatu ndiye Tumsifu. Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa na kipaji chake kilikuwa maneno, maneno ya Kiingereza, na nitawaambia aliyapataje. Alikuwa kidato cha tatu tumbo lilipoonekana. Shule ikamwambia nenda nyumbani, nyumbani baba akamwambia nenda unakokujua, na yeye hakukujua popote, akatoka na begi lenye sare mbili na kamusi iliyobaki nusu, maana nusu ya nyuma mdogo wake alishaichana kufungia karanga. Sekinyaga alimkuta bombani amekaa juu ya begi, hachoti maji, hajibu salamu. "Kamwene, binti," akamwambia. "Kama hungoji mtu, nibebee hii ndoo." Akaibeba. Ndoo ikafika kwa Sekinyaga na Tumsifu akabaki hukohuko, na hawakuwa ndugu hata kwa mbali.

Miezi ile ya tumbo hakutoka nje mchana. Alikaa nyuma ya mlango anasoma kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, kutoka A mpaka pale ilipochanikia, kwenye M, kwa sababu kusoma kulimziba masikio asisikie waendao bombani wanasema nini. Alipomaliza alianza tena. Mtoto alipozaliwa, wa kike, wakamwita Tulizo, kamusi ilikuwa imeshaingia kichwani yote. Aibu nayo ilikuwa imeingia, tena ilikaa mbele ya kamusi.

Sasa ikatoka habari. Chuo cha wananchi kule mjini kilibandika tangazo sokoni: mashindano ya maneno ya Kiingereza, wanawake watatu-watatu, na kundi litakaloshinda litapewa nafasi moja ya kusoma miaka miwili, fani yoyote, chakula na malazi humohumo. Nafasi moja. Kundi lenyewe litamtaja wa kuichukua.

Vaileth alilisoma, akapanda kilima mbio, akaingia kwa Sekinyaga bila hodi.

"We Tumsifu, acha kulala na kamusi kama mume. Vaa, twende tukajiandikishe."

"Mimi siwezi kusema mbele ya watu, dada."

"Nani kakwambia useme? Utaninong'oneza. Mdomo ninao mimi."

"Na mimi nitafanya nini huko?" Sekinyaga akauliza, mikono ndani ya kikapu.

"Wewe bibi ni wa tatu. Tangazo linataka watatu."

Kila mmoja aliitaka nafasi ile, na hilo lisiwapite. Sekinyaga alitaka kabla hajafa ajue kuandika jina lake. Vaileth alikuwa amechoka kushikwa mkono na walevi, alitaka cherehani na mlango wake mwenyewe wa kufunga jioni. Tumsifu alitaka kitu ambacho hata kukitaja aliona haya: alitaka kukaa kwenye dawati. Basi wakakubaliana tushinde kwanza, hayo mengine tutaongea, na ninyi mnajua watu wakisema tutaongea huwa wamekwisha kuahirisha ugomvi.

Jumamosi ile asubuhi Tumsifu alimvalisha mtoto. Kulikuwa na sweta moja tu la maana, la mitumba, Sekinyaga alilichagua kwa sababu ya ufumaji wake, rangi ya machungwa, na kifuani lina maandishi makubwa meupe. Bibi hakujua yamesema nini na hakuwahi kuuliza. Tumsifu alijua. Alilishika lile sweta, akaliangalia lile neno, akawaza ukumbi mzima wa watu, akawaza macho, akaligeuza. Akamvalisha mtoto ndani nje, nyuzi na mafundo yote hadharani, kama vile lile neno lingeweza kufumbua kinywa na kumtaja. Kisha akamwambia Sekinyaga, "Bibi, leo mbebe wewe." Sekinyaga alimtazama kitambo, akageuza mgongo, mtoto akawekwa.

Ukumbini makundi yalikuwa kumi na moja. Msimamizi alikuwa Mwalimu Ngwale wa chuoni, mtu mwembamba mwenye koti la mvua alilolivaa hata ndani. Mbele yake kulikuwa na meza, juu ya meza kamusi kubwa mpya, na pembeni ungo wa kupepetea. Humo ndani angeweka vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, kila kizibo na herufi yake.

"Sikilizeni," akasema. "Herufi zitakazokuwa kwenye ungo ndizo hizohizo za kuundia neno, kila moja mara moja. Unataja neno, mwenzako wa kundi anatunga sentensi yake. Anayetaja asiwe anayetunga. Na sentensi za kukariri sizitaki, mambo ya paka kukaa mkekani nimeyachoka tangu nikiwa mdogo. Sentensi iseme jambo la kweli lililomo humu ukumbini leo. Ukikwama mpaka nihesabu ishirini, umetoka. Ukikosea mara moja nakusamehe, mara ya pili unakwenda kunywa chai."

Kabla hajaanza, sauti ikatoka meza ya jirani. "Tumsifu! Kumbe upo? Tulisikia umehamia mbali."

Alikuwa Leokadia, waliyekaa naye dawati moja miaka mitatu. Leokadia alishamaliza shule, alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na sauti ileile ya kiranja, ile inayofika hadi darasa la jirani.

"Nipo," Tumsifu akajibu.

"Na huyo mtoto mzuri? Wa nani?"

Ukumbi ukageuka. Mwalimu Ngwale naye aliinua uso, kalamu mkononi, akingoja watu wanyamaze. Tumsifu akaona ile kalamu. Akawaza ataandika, atafuta, watanitoa hapa pia, atasema nenda nyumbani, na mdomo uliokuwa hauwezi kusema mbele ya watu ukasema wenyewe, kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Si wangu."

Sikilizeni jambo hili. Hakuulizwa kama ni wake. Aliulizwa ni wa nani.

Na mtoto, aliposikia sauti anayoijua, akageuka pale mgongoni kwa bibi, akacheka kwa meno yake mawili, akanyoosha mkono. Tumsifu akaangalia sakafu.

"Wangu," Sekinyaga akasema, akikaza mbeleko. "Mjukuu." Halafu akaketi. Mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mnunuzi kikapu ni kipya kama si kipya.

Mashindano yakaanza. Sitawachosha na makundi yote, wengine walitoka mapema wakafurahia chai. Wetu walikwenda hivi: Tumsifu anamnong'oneza Vaileth neno, Vaileth analirusha mbele kama mtu anayefukuza mbuzi, kisha Tumsifu anasimama, macho chini, anasema sentensi moja fupi, anakaa. Hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka zikabaki meza mbili. Yetu na ya Leokadia.

Mwalimu Ngwale akamwaga vizibo sita kwenye ungo. H. E. M. T. O. R.

"Home," Vaileth akapiga kelele.

Tumsifu akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba ukumbi huu si nyumbani kwangu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, sawa.

"More," meza ya Leokadia ikajibu, na mwenzake akasema tunataka muda zaidi. Sawa.

"Hero," Vaileth tena. Sawa.

"Room," akasema Leokadia, na mwalimu alikuwa ameshaanza kuliandika pale Sekinyaga aliponyanyua kidole.

"Samahani, mwalimu. Neno lake likoje? Hebu aliandike nilione."

Watu wakaguna. Leokadia akaliandika ubaoni kwa chaki, kwa mbwembwe. Sekinyaga akaliangalia ubaoni, akauangalia ungo, mara moja tu.

"Kiingereza sijui. Ila yeye kaweka duara mbili, na hapa kwenye ungo duara ni moja."

Mwalimu Ngwale akasogea, akatazama, akajikuna shingo. "Bibi umesema kweli. Limefutwa. Kosa la kwanza."

Hapo ilikuwa kazi ya macho, msisahau. Kwa maana mwalimu mwenyewe lilikuwa limempita.

Zamu ya wetu. Tumsifu akanong'ona, Vaileth akatupa: "Moth!"

"Hakuna," akasema mwalimu. "Labda ulitaka kusema mouth, mdomo, na hapa herufi hazitoshi."

Tumsifu alijua lipo. Angeweza kulisomea maana yake yote kama ilivyoandikwa. Lakini mtu mzima akisema hakuna, mtu mwenye kalamu, yeye alikuwa ameshazoea kuondoka, na tayari alikuwa anaondoka moyoni, anakubali, anasema samahani.

Vaileth hakuondoka. "Mwalimu, mdomo ni huu ninaosemea, siwezi kuukosea. Nimesema moth. Hiyo kamusi hapo mezani umeileta kama pambo?"

Ukumbi ukalipuka. Mwalimu akaifungua kamusi, kidole kikashuka, kikasimama. "Lipo," akasema, na akacheka mwenyewe. "Ni nondo, yule mdudu anayekula nguo. Sentensi."

Tumsifu akatafuta kwa macho, akamwona ukutani, juu ya dirisha, nondo wa rangi ya majivu ameganda. Akasema yupo pale. Watu wakageuka wote kumtazama, wakapiga makofi.

Hapo ilikuwa kazi ya mdomo. Bila mdomo ule, neno lingekuwa limezikwa hai.

Ila wakati kidole cha mwalimu kinashuka kwenye kamusi, mmoja tu ukumbini alijua kuna neno gani chini ya lile. Tumsifu aliusoma ukurasa ule mara ngapi hajui. Nondo, na mstari unaofuata, neno la herufi sita. Akatazama ungo. Herufi sita zote zipo. Hakuna itakayobaki.

Akalimeza.

Yaani alilimeza kama mtu anavyomeza dawa chungu, likashuka, likakaa. Kwa sababu likitajwa lazima litungiwe sentensi, na sentensi lazima iwe ya kweli, ya humu ukumbini, na yeye alishasema. Tutapata mengine, akajiambia. Yapo mengine mengi. Akatoa mengine. Leokadia akaja na lake, yeye akatoa lake, Leokadia tena, yeye tena. Kila neno alilotoa lilikuwa zuri na lilikubaliwa, na kila moja alilitoa ili asilitoe lile.

Mpaka yakamwishia.

"Leta," Vaileth akanong'ona.

"Sina."

"Huna vipi? Wewe si ndiye kamusi?"

"Sina, dada. Yameisha."

"Moja," Mwalimu Ngwale akaanza. "Mbili. Tatu."

Na hapo mtoto akalia. Si kile kilio cha kudeka, la. Kilio cha njaa, kile kinachoanza chini kinapanda. Kina mama waliomo humu wanajua kinachofuata. Tumsifu alihisi maziwa yanakuja, akakunja mikono kifuani, akabana, yakaja tu. Blauzi ikaloa. Akavuta kanga akajifunika mpaka shingoni katika joto la ukumbi uliojaa watu, akakaza macho kwenye ungo kana kwamba anatafuta neno, na neno alikuwa nalo, na mtoto yuko hatua mbili analia, na yeye hakunyoosha mkono.

"Saba. Nane."

Sekinyaga alifungua mbeleko akampakata mtoto. "Mbona mtoto amevalishwa kinyume kama kikapu kilichopinduliwa?" akasema, kwa sababu kazi mbaya hakuweza kuiacha ipite hata siku ya kiama. Akamvua sweta, akaligeuza, akamvalisha upya. Na alipomaliza kulivuta kifuani akaganda hivyo hivyo, mikono hewani.

"Kumi na moja."

Bibi yule hasomi kama wanavyosoma watu, kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Yeye huanza katikati na kuzunguka, kama kikapu kinavyoanza. Akazunguka ungo kwa macho. Vilima viwili vilivyoshikana, vipo kwenye ungo, vipo kwenye sweta. Duara, ipo, ipo. Msalaba uliokatwa kichwa. Ngazi ya kipago kimoja. Kitana chenye meno matatu. Mtu aliyebeba mzigo katanua mguu. Sita kwa sita, hakikupungua kitu.

"Kumi na tano."

Akamfinya Vaileth paja. "Soma hapa kwa mtoto."

Vaileth akainama, akasoma kama alivyofundishwa darasa la tatu, midomo inatembea. Halafu akaruka juu, kiti kikaanguka.

"Maza! Mwalimu, maza! M, o, t, h, e, r, zote sita, maza!"

Ukumbi mzima ukashika kichwa. Watu walikuwa wanatafuta maneno ya profesa, kumbe neno ni lile mtoto wa chekechea analijua. Leokadia akafunika uso kwa mikono. Mwalimu Ngwale akavipanga vizibo kimoja kimoja, ukabaki ungo mtupu.

"Sahihi. Sentensi."

Vaileth alishataja, hawezi kutunga. Sekinyaga hajui Kiingereza. Wote wawili wakamgeukia Tumsifu.

Akasimama, kanga shingoni. Na sentensi ya kutokea alikuwa nayo, msidhani hakuwa nayo, ilikuwa ulimini imekamilika: bibi huyu ni mama. Ni kweli tupu. Yumo ukumbini. Sekinyaga alizaa wanne, hakuna mwalimu angeikataa. Angeisema, wakashinda, akakaa, na aibu yake ingebaki chini ya kanga inakauka polepole.

Mtoto akaacha kulia. Alikuwa amemwona. Akanyoosha mkono tena, ule ule wa asubuhi.

"Moja," mwalimu akasema, akianza kuhesabu. "Mbili."

"I am her mother," Tumsifu akasema. Mimi ni mama yake.

Mwalimu Ngwale akamtazama mtoto, akamtazama yeye.

"Asubuhi ulisema si wako."

"Nilisema, mwalimu."

"Sasa ipi ni ya kweli? Maana mimi nataka sentensi ya kweli."

"Hii." Akaenda akamchukua mtoto kwa Sekinyaga, akakaa chini sakafuni, akamnyonyesha hapohapo.

Nyuma watu wakaanza kunong'ona, na hawakumnong'ona yeye peke yake. "Kumbe na yule bibi naye muongo. Mjukuu, eti." Sekinyaga akasikia. Akaanza kukunja mbeleko, akaikunja, akaikunja tena, ilhali ilikuwa imeshakunjika. Tumsifu akamwona, na hiyo ndiyo aibu iliyomchoma kuliko zote: kwamba alipojisafisha yeye, uchafu ulimrukia aliyemfichia.

Leokadia alipewa ishirini yake. Hakutazama ungo. Alikuwa anamtazama Tumsifu pale sakafuni, na mwalimu alipofika ishirini akasema tu, "Wameshinda wao."

Baadaye, watu wakipungua, Tumsifu akamsogelea mwalimu. "Niandikwe au nisiandikwe? Nina mtoto."

"Fomu yangu haina swali la mtoto," akasema Mwalimu Ngwale, akiigeuza kumwonyesha. "Na chuoni tuna chumba cha watoto wadogo, kina mlezi wake. Nani alikwambia wenye watoto hatuwachukui?"

Hakuna aliyemwambia. Aliogopa kalamu iliyokuwa haimwandiki. Alimkana mtoto wake bure.

Mwalimu akaweka fomu mezani. Mstari mmoja, jina moja. "Mimi navikusanya vizibo vyangu na kukunja turubai lililoko nje," akasema. "Nikirudi nikute jina."

Wakabaki watatu. Na sasa kile walichosema tutaongea kikawa kimefika.

Vaileth akaanza, ndiye mwenye mdomo. "Nisiwafiche, naitaka. Bila mimi lile neno la nondo lingefutwa, tukaandikiwa kosa. Bila mimi hata tangazo msingelijua. Maneno yakikaa tumboni ni upepo tu, mimi ndiye niliyeyafanya yasikike. Nimechoka na kilabu, jamani. Nimechoka."

Sekinyaga akasema taratibu. "Mimi nilifuta la wenzetu na nikaliona la kwetu. Neno la mwisho ni la macho yangu, si la mwingine. Na nilimbeba mtoto, na niliubeba na uongo, nitakutana nao kanisani kesho. Mnasema mimi mzee, nitasoma ili iwe nini. Mimi nataka kuandika Sekinyaga mara moja, kwa mkono wangu, bila wino wa dole gumba. Hicho nacho ni kitu."

Wakamngoja Tumsifu. Angeweza kusema maneno yote yalikuwa yake, kila moja, toka mzunguko wa kwanza, na kwamba sentensi ya mwisho hakuna mwingine ambaye angeweza kuitunga. Ni kweli, na wenzake walijua ni kweli, walikuwa wanangoja tu aseme.

"Nililiona," akasema.

"Uliliona nini?"

"Lile neno. Tangu kwenye nondo. Kwenye kamusi yamefuatana. Nililiona kabla ya bibi, kabla ya wote, nikakwambia sina, dada. Nilikuwa nalo nikawaacha mhesabiwe. Na lile sweta, bibi, si kwamba nilikosea. Niligeuza kwa kusudi."

Vaileth akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza toka wamjue, haukutoka na kitu. Sekinyaga akaangalia sweta, akaangalia mikono yake iliyoligeuza, akasema, "Ee." Basi.

"Msiniandike mimi," Tumsifu akasema haraka haraka, mtoto begani. "Sistahili. Andikeni mmoja wenu." Na wote watatu walijua kwamba dawati analitaka kuliko uhai, na kwamba hayo aliyoyasema nayo yanaweza kuwa ukweli, na yanaweza kuwa aibu tu inayokimbia tena, kama ilivyokimbia asubuhi.

Nje turubai lilisikika likikunjwa. Hatua za mwalimu zikaanza kurudi. Vaileth alikuwa ameshika kalamu, kwa sababu kati ya watatu ndiye aliyekuwa karibu nayo, na mtoto alikuwa ameinyooshea mkono.

Hapo ndipo nilipowafikisha, na mimi sivuki. Kuna aliyeona neno akalisema kwa macho bila kulijua. Kuna aliyelipatia sauti bila kulimiliki. Na kuna aliyelijua, akalificha, kisha akalilipa mbele ya watu wote kwa kitu ambacho hakuna kundi lililokuwa nacho. Ninyi mliokaa hapa, na wewe hasa uliyemkaza mtoto mgongoni tangu nilipoanza: mwalimu yuko mlangoni, mstari ni mmoja. Ungeandika jina la nani?